Urani ya Mkuju: tope ndilo litakalobaki

Tangu mwisho wa Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani huko Mkuju, wilayani Namtumbo, nimekuwa nikisoma maneno ya pande mbili, kila mmoja na hakika yake. Wa kwanza wanapiga makofi: Tanzania itauza urani, mapato yatapanda, Ruvuma itapata barabara na ajira. Wa pili wanashika kichwa: pale palikuwa ndani ya pori la Selous, kuna tembo na mbwa mwitu, na urani ndiyo iliyozaa bomu. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, Kongo, mji wa Katanga, jimbo lililochimba urani wakati dunia haijajua ya nini, na naona wote wanabishana juu ya kitu kitakachoondoka. Urani yenyewe itatiwa kwenye mapipa, itapanda lori hadi bandarini, itakwenda zake. Ugumu wa Mkuju uko kwenye kitakachobaki: tope la mawe yaliyosagwa, nani atalilinda, kwa pesa za nani, na hadi lini. Maswali hayo yanajibiwa kwenye mikataba na kwenye akaunti za benki, na yanajibiwa kabla mgodi mkubwa haujafunguliwa. Yakisubiri baadaye hayajibiwi tena. Hilo tumelionja huku.

Kwanza tuweke mambo sawa. Eneo hilo la madini limepewa jina la Nyota, nalo liko kando ya mto Mkuju, kusini mwa lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Selous iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia, ikikutana St. Petersburg, ilikubali ombi la Tanzania la kusogeza mpaka ili eneo la urani libaki nje. Kipande kilichokatwa hakikufika asilimia 1 ya pori lote. Leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa mwaka 2013. Mwenye mradi ni Mantra Tanzania, kampuni iliyoanza mikononi mwa Waaustralia kisha ikanunuliwa na Warusi, na leo iko chini ya Uranium One, tawi la Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Ununuzi huo ulikuwa bado unakamilishwa Machi 2011 mitambo ya nyuklia ya Fukushima, Japani, ilipolipuka. Wanunuzi wakarudi mezani wakaomba kupunguziwa, wakapunguziwa. Msomaji alikumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Sasa kwetu. Shinkolobwe iko mwendo wa kilomita kama 20 kutoka Likasi, na Likasi ni kilomita 120 hivi kutoka hapa mjini. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, ikaanza kuyachimba miaka ya 1920, ikitafuta radiamu ya kuuza kwa madaktari wa Ulaya. Urani ilihesabiwa karibu kama makapi. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, na huko yalikaa ghalani mpaka Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipokuja kuyanunua. Mengi ya yaliyomo ndani ya bomu la Hiroshima yalitoka hapo. Habari hiyo kila mtoto wa Katanga anaijua kwa namna fulani, na nadhani ndiyo inayotupotosha. Tumekariri safari ya jiwe kutoka Likasi hadi Japani kana kwamba hadithi ya Shinkolobwe iliishia Agosti 1945. Kwa watu wa Likasi ndipo ilipokuwa inaanza.

Tofauti kati ya migodi hii miwili inaeleza mengi. Baadhi ya mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65: unashika jiwe mkononi na zaidi ya nusu yake ndiyo mali. Mwamba wa Nyota ni maskini sana ukilinganisha. Tani nzima ina urani isiyofika nusu kilo. Piga hesabu. Ili kupata tani 1 ya urani lazima usage zaidi ya tani 2,000 za mwamba. Kama mgodi mkubwa utafika tani 3,000 kwa mwaka kama inavyopangwa, basi kila mwaka patasagwa zaidi ya tani milioni 6, bila kuhesabu udongo wa juu unaoondolewa ili kuufikia mwamba. Karibu zote, zikishalowekwa kwenye asidi na kukamuliwa, zinabaki palepale kwenye bwawa. Na hazibaki kama zilivyokuwa. Urani ina watoto na wajukuu, yaani thoriamu, radiamu na gesi ya radoni, na kiwanda kinamchukua mama tu. Kama asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa ndani ya mwamba inabaki na hao watoto kwenye tope. Radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Thoriamu inayoizaa, miaka kama 75,000. Wapo watakaosema kwamba vitu hivyo vilikuwamo ardhini tangu zamani bila kumdhuru mtu. Kweli vilikuwamo. Lakini pilipili nzima inakaa jikoni mwaka mzima bila kumsumbua mtu; itwange uone nyumba nzima inavyopiga chafya.

Hapo ndipo hoja ya bomu inaponichosha. Urani inayotoka mgodini haiwezi kulipuka. Chini ya asilimia 1 tu ndiyo ya aina inayowasha mitambo, na ili itumike kwenye bomu lazima irutubishwe, yaani sehemu hiyo iongezwe, kwenye viwanda ambavyo Afrika Mashariki haina. Ule unga wa njano, yaani urani iliyokwisha kuchakatwa, ni sumu kwa figo ukimezwa, na vumbi lake ni baya kwa mapafu, lakini mtu hafi kwa kupita karibu na pipa. Baba yangu mkubwa wa Likasi alikuwa na jiwe la njano lenye madoa ya kijani, zito kuliko ukubwa wake, akizuia nalo mlango wa jikoni. Watoto tulikatazwa kuligusa kwa sababu moja tu, kwamba likianguka litatuponda vidole vya miguu. Mzee aliishi miaka 81, akaondoka na kisukari. Sisemi jiwe lile lilikuwa salama. Radoni haina harufu, na hakuna aliyewahi kupima hewa ya jiko lile. Nasema kwamba anayekwenda Namtumbo kuwatisha wanakijiji kwa picha za Hiroshima anaipa kampuni zawadi. Mtaalamu wa kampuni atasimama, atashika kipande cha mwamba mkononi, atatabasamu, na mkutano utakuwa umekwisha. Swali la tope halitaulizwa.

Upande wa pili nao una hoja yake dhaifu, na hiyo inarudiwa na watu wenye elimu zaidi: kwamba eneo lenyewe ni dogo, chini ya asilimia 1, basi kelele za nini? Kwa haki, hoja hiyo ina kipande cha ukweli. Tembo wa Selous walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Waliowamaliza ni majangili wa pembe, na kwa ajili yao pori likawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014, wakati Mkuju haijatoa hata kilo moja ya kuuzwa. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, la megawati 2,115, limefunika ardhi kubwa kuliko mgodi huu utakavyowahi kufunika. Anayelia na urani akanyamaza juu ya bwawa ana la kujieleza. Lakini kupima hatari kwa asilimia ya ramani ni sawa na mwenye nyumba anayesema choo chake hakina shida kwa kuwa kinachukua kona ndogo tu ya kiwanja. Jirani aliye chini ya mteremko haulizi ukubwa wa kona. Anauliza kisima chake kiko wapi.

Na maji ya upande ule yanateremkia Rufiji. Luwegu na Kilombero zinapokutana ndipo Rufiji inapopata jina lake, na Rufiji inaishia kwenye delta yenye mikoko mingi kuliko popote pwani ya Afrika Mashariki, mahali watu wanapovua kambamiti na kulima mpunga. Kati ya bwawa la tope na mvuvi huyo kuna kilomita nyingi, na kampuni itazitaja. Sisi wa mpakani na Zambia tumeona kilomita hizo zinavyoliwa. Februari 2025 ukuta wa bwawa la mgodi wa shaba ulivunjika Chambishi, maji ya asidi yakaingia kwenye mto unaolisha mto Kafue, mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba, na samaki waliokufa wakaonekana umbali wa kilomita 100. Madereva waliokuwa wakirudi kupitia mpaka wa Kasumbalesa walileta habari hiyo kabla ya redio. Tanzania yenyewe haihitaji mfano wa kigeni: Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipasuka, matope yakafunika mashamba na nyumba. Pale lilikuwa tope la almasi, ambalo likikauka ni udongo tu. Tope la urani likimwagika linabaki kuwa tope la urani.

Hoja yenye uzito kuliko zote kwa wanaotaka mgodi ni ya hali ya hewa. Mitambo ya nyuklia inatoa umeme bila moshi, dunia inaitaka, na mtu hawezi kuhubiri habari ya kuacha makaa ya mawe huku akikataa kila mgodi wa urani. Naikubali, na kwa sababu hiyo siandiki hapa kwamba Mkuju ifungwe. Ila tuwe wakweli juu ya nani anapata nini. Umeme huo safi utawaka kwenye miji ya mbali. Kongo ilipata mtambo mdogo wa utafiti Kinshasa mwaka 1959, Shinkolobwe ikapata mashimo. Kama Namtumbo inabeba uchafu ili mwingine awe msafi, bei ya kuubeba iwe ndani ya bei ya urani, na ionekane.

Hapo tunarudi kwa wale wanunuzi waliopunguziwa bei mwaka 2011. Mwaka 2007 ratili moja ya urani ilifika dola zaidi ya 130. Mwaka 2016 ilikuwa chini ya dola 20. Januari 2024 ikapita tena dola 100. Mkuju imelala na kuamka kwa kufuata bei hizo. Ng'ambo ya mpaka, huko Karonga, Malawi, mgodi wa Kayelekera ulifunguliwa mwaka 2009 kwa hotuba zinazofanana sana na za Namtumbo. Mwaka 2014 uzalishaji ukasimamishwa kwa sababu bei imeanguka. Miaka zaidi ya kumi ikapita, mwenye mgodi akabadilika, na mwaka 2025 ukaanza tena. Muda wote huo bwawa la tope lilikuwapo juu ya bonde linalomwaga maji yake ziwani. Bwawa halijui habari za soko. Linahitaji mtu wa kuangalia ukuta wake kila msimu wa mvua, iwe ratili ni dola 20 au 100, na mtu huyo anahitaji mshahara. Kampuni inayofunga kwa hasara ndiyo yenye sababu ndogo zaidi ya kuulipa.

Niruhusiwe kukaa kidogo juu ya namna Shinkolobwe ilivyofungwa, kwa sababu ndilo somo ambalo nadhani halijavuka mpaka. Kuelekea uhuru wa 1960 Wabelgiji walimwaga saruji kwenye milango ya mashimo wakaondoka. Kwa macho ya mhandisi, kazi ilikuwa imekwisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikiwa imeanguka na familia nzima zikiishi kwa bukari, yaani ugali, na matembele, vijana waliingia na sururu na magunia. Hawakuifuata urani, walitaka kobalti, ambayo iko kwenye mwamba uleule. Hawakuvunja saruji, walichimba pembeni yake. Kijiji kikazaliwa juu ya mgodi, chenye maduka na kanisa. Januari 2004 amri ya rais ikapiga marufuku uchimbaji pale. Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliokuja kukagua walikuta kwamba hatari iliyo karibu zaidi ilikuwa kuporomoka kwa ardhi, kuliko mionzi, ingawa kuvuta vumbi lile kwa miaka si jambo la kudharau. Kijiji kikabomolewa, askari wakawekwa. Kwa hiyo saruji ililinda kwa miaka 40 hivi, na haikulinda kwa nguvu yake. Ililinda kwa sababu palikuwa na kampuni kubwa jirani iliyolipa mishahara. Mishahara ilipokwisha, mlinzi wa kweli alikuwa ameondoka.

Katikati ya mji wetu pia tuna mlima mweusi wa makapi ya shaba, terili, umesimama kando ya shemine, yaani bomba la moshi, ya Gécamines kama nembo ya Lubumbashi. Tanuru ilianza kutoa shaba mwaka 1911. Kwa miaka 90 mlima ule ulihesabiwa kuwa taka. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 unamegwa kwa ajili ya kobalti, na sasa jemaniamu. Taka ya leo ni mali ya kesho, na maskini au kampuni atairudia. Mpango wa kufunga mgodi unaodhani kwamba hakuna atakayerudi kuchokoa tope haukuandikwa na mtu aliyewahi kuishi karibu na mgodi.

Sheria zetu zote mbili zinazungumzia dhamana. Kanuni ya Madini ya Kongo ya 2002 inadai mwekezaji aweke dhamana ya fedha ya kukarabati mazingira. Tanzania nayo ina kifungu cha namna hiyo katika Sheria ya Madini ya 2010. Udhaifu ni kwamba dhamana za kawaida zinahesabiwa kwa ajili ya kusawazisha ardhi na kupanda majani, kazi ya miaka michache. Tope la Mkuju linataka mfuko unaojazwa kwa kila pipa linalotoka, usio mikononi mwa kampuni wala katika bajeti ya serikali, na ambao faida yake peke yake inatosha kulipa walinzi, wapimaji na ukarabati wa ukuta bila kikomo cha miaka. Serikali naitaja makusudi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2017, serikali ya Tanzania inashika hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila kulipia. Kwa mapato ni jambo jema, na sisi tungependa kuwa na nidhamu hiyo. Lakini sasa mwenye hisa ndiye pia mwenye Tume ya Nguvu za Atomiki na Baraza la Mazingira. Siku ukuta utakapoonyesha ufa na gawio linangojewa, ofisa wa kukagua atakuwa anampigia simu bosi wa bosi wake kumwomba asimamishe pato la serikali. Simlaumu ofisa huyo mapema. Nasema asiwekwe peke yake.

Wenzangu wa hapa wataniuliza haya yanatuhusu nini. Novemba 2018 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulisimamisha kwa muda kuuza kobalti yake kwa sababu urani iliyomo ilizidi kiwango kinachoruhusiwa kusafirishwa. Maana yake ni kwamba Katanga haijawahi kuacha kuchimba urani. Imeacha tu kuiita kwa jina. Imo kwenye shaba, imo kwenye kobalti, na imo kwenye mabwawa ya tope tunayopita kwa gari kila wiki. Kama Tanzania itaweka mfuko wa kweli Mkuju, tutakuwa na karatasi ya kuonyesha Kinshasa. Kama haitaweka, makampuni yatakuwa na karatasi ya kutuonyesha sisi.

Kuna jambo moja linalowezekana sasa hivi, ambalo halihitaji bunge wala mkataba mpya. Kiwanda cha Mkuju bado ni cha majaribio, tope lake bado dogo. Maji ya Luwegu yapimwe leo, kiangazi na masika, na visima vya vijiji vya chini pia, na namba zibandikwe kwenye ofisi za kata ambapo mtu yeyote anaweza kuzinakili. Mvua za kwanza zinapopiga Lubumbashi, mfereji unaotoka upande wa viwanda hubadilika kuwa rangi ya kutu kisha ya majivu, na akina mama wanaofua chini yake huinua ndoo wakasogea juu kidogo. Kila wanapokwenda kulalamika wanaulizwa swali moja: mna uhakika gani kwamba maji haya hayakuwa hivi tangu zamani? Hawana la kujibu. Mwaka 1910 hakuna mtu aliyeteremka mtoni na chupa kuyachota.